Soseji za Chumvi Kidogo

Mzee Kamaludin alikuwa mtu wa kula, na hakulionea haya. Miaka arubaini alishona makubadhi katika chumba cha chini cha nyumba yao, Kibokoni, Mombasa, na miaka yote hiyo majirani wa uchochoro ule walijua ni saa ngapi kwa harufu iliyotoka jikoni kwake. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Adhuhuri wali na samaki wa kupaka. Magharibi ikikaribia, soseji mbili za ng'ombe, zimekaangwa mpaka ngozi imepasuka, ndani ya mkate mrefu wenye pilipili ya ukwaju. Soseji alizionja ujanani kwa Muhindi mmoja wa Majengo aliyekuwa akizichoma mlangoni pake, na tangu siku hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa na wake wawili: mamake Sheikha na soseji. Mamake Sheikha alikufa. Soseji zikabaki.

Basi mtu huyo ndiye aliyekwenda kuambiwa kwamba figo zake zimechoka.

Aliyeambiwa hasa ni Sheikha, bintiye, maana mzee alijifanya hasikii. Sheikha alikuwa na miaka arubaini na miwili, ameolewa na kuachwa, hakujaaliwa mtoto, na hakuwa na mtu duniani isipokuwa baba huyo. Daktari alisema figo zimebakiwa na nguvu kidogo sana. Zikitunzwa kwa chakula huenda zikamfikisha mbali. Zisipotunzwa, hata Idi ya pili asiihesabu. Kisha akawapeleka kwa mtaalamu wa lishe wa kliniki, dada mmoja mpole aitwaye Everlyne, naye akawaandikia karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza ilikuwa ya vitu vya chumvi nyingi: achari, papa mkavu, supu za pakiti, jibini, soseji. Ya pili ilikuwa ya vitu vyenye madini yaitwayo potasiamu: ndizi, tende, madafu, maembe, viazi, mbaazi.

"Chumvi itamjaza maji mwilini, na utayaona miguuni," Everlyne alimwambia. "Potasiamu huioni. Figo zikishindwa kuitoa, inajikusanya kwenye damu, halafu siku moja moyo unakataa kupiga. Kwa hivyo, dadangu, hii ya pili uiogope zaidi."

Sheikha aliiogopa. Siku ile ile alitoa tende zote nyumbani akampa jirani. Viazi aliviloweka, akavichemsha mara mbili na kumwaga maji, kama alivyofundishwa. Rafiki wa mzee alivuka Feri kutoka Likoni na madafu matatu mkononi, na Sheikha akamrudisha nayo mlangoni bila hata kumpa kiti, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwa limefanyika tangu ijengwe. Karatasi ya Everlyne aliibandika kwenye friji, na kila alipopika alisimama mbele yake kwanza, akaisoma yote.

Mzee naye akawa anakonda. Wali mweupe, kabichi, kipande cha samaki kisicho na ladha. Wiki ya kwanza alitania. "Hata kuku huwekewa munyu kidogo kwenye pumba," alisema, kwa kuwa yeye aliiita chumvi munyu kama wazee wake. "Miye wanipa pumba tupu." Wiki ya pili alinuna. Wiki ya tano alijigeuza akatazama ukuta, akasema hana njaa, na siku mbili hakutia kitu kinywani ila chai isiyo na maziwa.

"Baba, kula japo kidogo. Ntakupikia utakacho."

"Nitakacho hukipiki, mwanangu. Wanizuia kufa, na kuishi pia wanizuia. Niache."

Sheikha aliingia jikoni akalia huku ameziba mdomo kwa leso. Hapo ndipo alipoanza kuwaza kwamba anamuua babake kwa njaa. Aliwaza hivyo kwa siku mbili, na wazo hilo ndilo lililompeleka Tononoka.

Huko Tononoka palikuwa na duka la vyakula vya barafu. Alikwenda kutafuta kifua cha kuku, lakini alipofungua friji la duka aliona pakiti ya kijani iliyoandikwa kwa herufi kubwa: soseji za ng'ombe, chumvi imepunguzwa kwa thuluthi. Aliishika kwa mikono miwili. Karatasi ya Everlyne ilikataza soseji kwa sababu ya chumvi. Na hizi chumvi wameitoa. Nani basi angemlaumu?

Lakini Sheikha hakuwa mtu wa kupapia. Wanawake wote wa mtaa walimjua kwa jambo moja: alijua kusoma pakiti. Miaka mingi nyuma, mwalimu wa darsa ya wanawake aliwagawia orodha ya namba za E, zile zinazochapishwa pakitini badala ya majina ya vitu vinavyotiwa ndani ya chakula, akawaonyesha zipi hutokana na nguruwe, zipi zina shaka, na zipi ni halali. Wenzake waliikunja wakaisahau. Sheikha aliihifadhi mpaka akawa haihitaji tena. Biskuti, peremende, jibini, dawa za kikohozi, chochote kilicholetwa na ndugu kutoka ng'ambo, kilipitia kwake kwanza, na alichosema Sheikha kimepita, kililiwa.

Pale dukani aliisoma pakiti ya kijani kama alivyozisoma zote. Muhuri wa halali upo. Ngozi ya kufungia nyama si ya nguruwe. Namba ya kwanza, halali. Ya pili, halali. E508, halali, hutokana na madini ya ardhini, haina shaka yoyote. Alisoma kila herufi akitafuta haramu. Mauti hakuyatafuta, maana hakuna aliyemfundisha namba yake.

Jioni ile alizipika. Alizikata mikato midogo, akazichemsha kwa maji ya kikombe pamoja na kitunguu thomu na pilipili manga, na maji hayo hakuyamwaga. Aliyaacha yakaukie mumo humo ili ladha isipotee. Kisha akatia kijiko cha mafuta, akazigeuza mpaka zikawa nyekundu. Ladha ya chumvi ilikuwa haba kweli, basi akakamua ndimu nzima, kwa kuwa ukali wa ndimu huudanganya ulimi. Akazitia ndani ya mkate mrefu, akampelekea mzee kitandani.

Mzee Kamaludin alinusa kabla hajafumbua macho. Alikaa kitako. Alimega, akatafuna, akafunga macho tena, na machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu.

"Zina munyu kidogo," alisema.

"Ndizo zenyewe, baba. Za wagonjwa."

"Basi naushukuru ugonjwa."

Sheikha alicheka kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima. Alijiona mtoto mwema. Hilo ndilo linaloudhi katika habari hii: hapakuwa na uzembe ndani yake, wala uchoyo, wala ujinga wa kutojua kusoma. Palikuwa na mapenzi tu, na pakiti iliyosomwa kwa uangalifu.

Zikawa za kila jioni. Kwa kuwa chumvi ilipunguzwa thuluthi, Sheikha alipiga hesabu yake kwamba tatu za hizi ni sawa na mbili za zile za kawaida, akaongeza ya tatu. Mzee akanenepa mashavu. Akashuka ngazi mwenyewe, akaketi barazani na wenzake. Siku ya kliniki ilipofika alisema haendi kupoteza siku kwenye foleni hali yeye ni mzima, na Sheikha, ambaye alikusudia kumuuliza Everlyne kuhusu soseji zile, hakumlazimisha. Aliogopa kuambiwa aziache. Hilo pia alikuja kulikumbuka.

Dirisha la jikoni kwake lilitazamana na la Shifa, jirani yake, na uchochoro ulivyo mwembamba mtu angeweza kumpa mwenzake kiberiti bila kushuka. Mumewe Shifa, Bwana Zakariya, karani mstaafu, naye figo zake zilikuwa zimeanza kulegea, ingawa hazijafika zilikofika za Mzee Kamaludin.

"Bi Sheikha, hiyo harufu yatutia wazimu huku," Shifa alimwita jioni moja. "Si ulisema mzee amekatazwa?"

"Hizi ni za chumvi kidogo, shoga. Nimezisoma mwenyewe."

"Zimepita?"

"Zimepita."

Shifa hakuhitaji kuuliza zaidi. Sheikha alimrushia picha ya pakiti kwa simu, akamweleza mapishi, maji kikombe kimoja, yasimwagwe, ndimu nzima. Alifurahi kama mtu aliyetoa sadaka.

Mwezi wa nne wa soseji hizo, asubuhi ya Alhamisi, Mzee Kamaludin alisema miguu yake ni mizito. Alitaka kusimama, ikakataa. Alimtazama bintiye kwa mshangao, kisha akasema moyo wake wafanya mambo siyo. Wakafika hospitali saa nne. Wauguzi walimkimbiza ndani, pazia likavutwa, na Sheikha akabaki kwenye benchi na makubadhi ya babake mapajani.

Everlyne alipita akamtambua. Aliketi kando yake, akamuuliza mzee alikuwa akila nini tangu walipoonana. Sheikha alijibu upesi kama mwanafunzi aliyejiandaa: tende hakumpa hata moja, madafu hakuyaona, viazi vilichemshwa mara mbili, mbaazi alizisahau kabisa.

"Na jioni?"

"Soseji. Lakini za chumvi kidogo," akasema, akamwonyesha picha ile ile iliyo kwenye simu.

Everlyne aliikuza kwa vidole viwili, akaisoma mstari kwa mstari.

"Dada Sheikha, hii mia tano na nane, unaijua?"

"Ni halali hiyo."

"Ni halali, ndiyo. Ni chumvi ya potasiamu. Wakitoa chumvi ya kawaida, wanatia hii mahali pake ili ladha isipotee. Mimi nikiila hainidhuru. Lakini mtu wa figo za babako..." Hakumaliza. "Alikuwa akila ngapi?"

"Tatu. Kila siku." Sheikha aliyashika makubadhi kwa mikono miwili. "Na maji yake simwagi."

Everlyne alimshika mkono. "Siwezi kuapa kwamba ni hii peke yake. Figo zilikuwa zimeshachoka. Na mimi ningepaswa kukuandikia hiyo namba, sikufikiria." Aliinuka haraka akaenda kuwaambia madaktari, na Sheikha akamwona anakimbia, mtu ambaye siku zote hutembea polepole.

Mzee Kamaludin alifariki kabla ya adhuhuri. Baada ya sala ya alasiri alikuwa keshazikwa, maana kwetu maiti hacheleweshwi, na Sheikha hakupata hata nafasi ya kuelewa kilichotokea kabla hakijafunikwa na udongo. Watu husema majuto ni mjukuu. Ya Sheikha hayakungoja hata kuzaa mtoto.

Nyumba ikajaa wanawake. Mikeka ilitandikwa, misahafu ikagawiwa juzuu kwa juzuu, na kila aliyeingia alimkumbatia Sheikha akamwambia neno moja lile lile: umemlea babako, radhi zake zote unazo. Shangazi yake, Bi Nabiha, dadake marehemu, ndiye aliyelisema zaidi. Kila liliposemwa Sheikha alihisi kama anavuliwa nguo. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hii aliijua yeye na Everlyne tu, na Everlyne hakuwa mtu wa mtaa huu. Aliamua kunyamaza. Angeibeba siri hiyo mpaka kwenye kaburi lake mwenyewe, na huko angejibu.

Angeweza, lau si desturi. Nyumba ya msiba haiwashi moto siku tatu. Majirani ndio hupika, kila mmoja kwa zamu yake. Siku ya pili adhuhuri ilikuwa zamu ya Shifa. Aliingia na sinia, akaliweka mbele ya Sheikha, akafunua kawa.

"Wengine nimewapikia pilau," alisema kwa upole. "Weye nimekufanyia hizi, najua hukutia kitu kinywani tangu juzi. Nimezipika vile vile ulivyonfundisha."

Zilikuwa tano, nyekundu, zimekatwa mikato midogo, zanukia ndimu.

"Shifa," Sheikha akasema. "Zakariya anakula hizi?"

"Zakariya! Hataki kingine tangu ulipotuonyesha. Kila jioni. Wallahi umetusaidia."

Sheikha alitazama sinia. Alikuwa amemsahau kabisa Zakariya. Siku mbili alikuwa amelilia kosa lake kana kwamba limekwisha, kumbe lilikuwa likiendelea kupikwa ng'ambo ya dirisha. Akijinyamazia, hakuna mtu ambaye angejua, na mume wa mwenzake angekufa. Hapakuwa na njia ya tatu.

"Usimpe tena," akasema. "Shifa, zitupe. Ndizo zilizomuua baba."

Visomo vilikatika. Bi Nabiha aliweka juzuu yake chini.

"Astaghfirullah! Mwanangu, usikufuru. Mtu hafi kwa soseji, hufa kwa siku yake. Siku yake ilifika."

"Shangazi, nimeambiwa hospitali. Mna chumvi nyingine ndani yake, ya kuua wagonjwa wa figo. Nami nilimpa kila siku."

"Ni huzuni hiyo yasema," mwanamke mmoja akasema, na mwingine akaleta maji. Walimpangusa uso, wakamlaza. Walimfariji kwa mapenzi yao yote, na kila faraja ilikuwa mkono unaomziba mdomo. Alipoinua kichwa, Shifa alikuwa amefunika sinia lake na kuondoka.

Sheikha aliinuka akamfuata. Mfiwa hatoki nje kukiwa na watu nyumbani, na wanawake walimwita kutoka dirishani, lakini alishuka ngazi, akavuka uchochoro bila buibui, akapanda ngazi za Shifa bila kupiga hodi.

Bwana Zakariya alikuwa mezani. Sahani mbele yake, soseji tatu, moja keshaianza.

"Karibu, Bi Sheikha," alisema akijaribu kuinuka. "Allah amrehemu mzee. Karibu ule."

"Usile, Bwana Zakariya. Nakuomba kwa Mungu, usile."

Alimweleza yote, namba, figo, hospitali. Zakariya alimsikiliza kwa adabu, kipande mkononi. Kisha alimtazama mkewe, naye Shifa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Miezi mitatu nampikia mume wangu kwa mikono yangu," Shifa alisema. "Leo waja nambia nampa sumu. Weye ndiwe uliyenambia zimepita! Limekufika lako, sasa wataka tuwe wawili."

"Sitaki tuwe wawili."

"Basi sema. Ukiwa wasema kweli, usinitajie namba. Sema mbele ya mume wangu, ni nani aliyemuua Mzee Kamaludin?"

Sheikha alijua akishalisema halirudi. Kwenye uchochoro ule neno huvuka dirisha kabla mtu hajafika chini. Ng'ambo kule nyumbani kwake walikuwa wangali wakimsomea babake, na kila mmoja kati yao alikuwa anaamini kwamba alikufa mikononi mwa mtoto mwema.

"Mimi," akasema. "Nimemuua mimi. Kwa mikono yangu, kila jioni, miezi minne, na alikuwa akinishukuru."

Zakariya alikirudisha kipande sahanini. Aliisukuma sahani mbali naye kidogo, akafuta vidole kimoja kimoja, na hakula tena.

Alikwenda hospitali wiki ile. Alipimwa, damu ikakutwa imeanza kuharibika, akapewa dawa, ikarudi sawa. Mpaka leo anakwenda msikitini kwa miguu yake. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na la kuvunda halina ubani. Mwanzo lilikuwa: Sheikha anasema soseji zilimuua babake. Baadaye likawa: Sheikha alimuua babake kwa soseji. Mwisho likafupika zaidi ya hapo. Bi Nabiha hakumlaumu hata mara moja. Aliacha tu kuja. Hakuna aliyemletea pakiti ya kusoma tena. Shifa alifunga dirisha lake la jikoni, na joto lote lile la Mombasa akalivumilia.

Ramadhani ikaingia. Kwetu, mwezi huo sahani huvuka uchochoro kila jioni kabla ya futari, za nyumba hii kwenda ile na za ile kuja hii, na hakuna nyumba isiyopeleka. Sheikha alifunga kama wote, akawa hana wa kumpikia. Siku ya tatu alijipa moyo. Alikaanga sambusa za nyama, akazipanga, akazifunika kawa, akapanda ngazi za Shifa kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akabisha hodi.

Aliyefungua alikuwa Bwana Zakariya. Alikuwa na afya njema, uso umenawiri. Nyuma yake Sheikha alisikia mafuta yakichachatika, na vikombe vikipangwa, na Shifa akinyamaza ghafla. Zakariya aliitazama sahani, asimtazame yeye.

"Shifa asema twashukuru sana, Bi Sheikha," akasema taratibu, akianza kuufunga mlango. "Ila sisi tumeshakula."

Magharibi ilikuwa bado haijaadhiniwa.